Wimbi Linalozunguka

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita mlinitukana kwa barua, na mlikuwa na haki. Nilimwacha Odarley Quaye amesimama mbele ya kioo cha rada, saa nne na robo asubuhi ya Jumanne, simu mkononi, na kwenye simu kuna swali la mstari mmoja kutoka Lomé:

"Dada, wimbi gani hilo linazunguka?"

Basi tuendelee papo hapo, maana hata yeye hajakaa chini bado.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, haya machache yatamtosha. Odarley ni luteni katika kituo cha uangalizi wa bahari hapa Tema, ghorofa ya tatu. Vituo vya namna hiyo vimepangwa pwani nzima, kuanzia Abidjan mpaka Lagos, na vyote vinatazama bahari moja. Rada ya Tema ikiona kitu, Lomé wanakiona sekunde hiyo hiyo, na Cotonou pia. Ndivyo walivyokubaliana wakubwa, picha iwe moja kwa wote.

Mume wake, Tawia, mvuvi, alipotea baharini miezi kumi na minne iliyopita. Mwili haukuonekana, mtumbwi nao haukuonekana. Tangu hapo moyo wa Odarley umekufa ganzi, na si mimi ninayesema hivyo. Ni yeye aliyemwambia daktari wa kikosi, kwa sauti ya mtu anayetaja namba yake ya simu. Anakula kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, kwa sababu saa ya kula imefika. Hajalia hata mara moja, na upande wa mumewe wanamsema kwa hilo.

Odarley aliinua macho kwenye kioo. Mahali alipopataja Ablavi, huyo mwenye swali kule Lomé, maili tisa kusini ya bandari, palikuwa patupu. Hakushangaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepafagia asubuhi ile.

Hapa nitasema jambo ambalo sisi wa pwani hii hatuambiani, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Jumanne bahari inapumzika. Hakuna mtumbwi unaoshuka majini, si Chorkor, si Tema, si Ningo. Wavuvi wanashona nyavu, wanacheza dama, wanagombana na wake zao. Ukishuka Jumanne, mkuu wa wavuvi atakunyang'anya nyavu. Ukifia huko, nyumba yako itabaki na aibu ya kukulilia mlango umefungwa.

Lakini rada haijui Jumanne. Bahari ikichafuka kidogo tu, mawimbi yanaonekana kwenye kioo kama nukta ndogo ndogo, hata mia mbili. Siku nyingine nukta hizo huenda zikawa mitumbwi, kwa hiyo zinaachwa. Jumanne mtu wa zamu anazigusa moja moja, anaandika "wimbi", na kioo cha Tema kinabaki safi. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni mazoea ya chumba kile, wanayaita kufagia, na luteni mgeni hufundishwa siku ya kwanza, pamoja na kuonyeshwa mahali pa kuweka kikombe chake.

Vituo vingine havifagii. Kwao nukta inabaki, ila inavikwa kibandiko cha kijivu kuwaarifu kwamba Tema wamesema ni wimbi. Ablavi, aliyekuwa zamu Lomé, alikuwa amekodolea macho kibandiko hicho dakika arobaini nzima.

Aliandika tena. Nukta ilitoka pwani ya Tema saa moja asubuhi, ikaenda kusimama ubavuni mwa meli kubwa ya uvuvi iliyozima mtambo wake wa kujitambulisha. Meli ikaondoka. Tangu saa tatu na nusu nukta inazunguka tu, mduara juu ya mduara.

"Au mawimbi yenu yana usukani?" aliuliza.

Odarley amezaliwa Chorkor, na mtoto wa Chorkor anajua maana ya mduara. Mtumbwi wa injini ukikosa mkono kwenye mpini, injini inajikunja upande mmoja na kuuzungusha palepale. Kwa hiyo mwenye mtumbwi amedondoka. Yuko majini sasa hivi, anauona mtumbwi wake ukimzunguka na hawezi kuushika.

Alijua na jambo la pili, na hili ndilo lililomfanya apige simu nyumbani kabla ya kumwambia mtu yeyote. Alfajiri, akikatiza uani kwa mama mkwe wake kwenda kazini, aliona mahali pa injini ya Ayi pako wazi. Turubai lake lilikuwa limekunjwa vizuri chini. Aliliona akapita. Siku hizi anaona vitu na kupita.

Ayi ni shemeji yake, mdogo wake Tawia. Ana miaka ishirini na minne, na ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama yake.

"Mama, injini ya Ayi iko wapi?"

Naa Oyoe, mama mkwe huyo, ni mwanamke wa kumwita mtu aliye ufuko wa pili akasikia. Siku hiyo alinong'ona.

"Mwanangu, usiniulize kitu Jumanne."

Akakata simu. Odarley akaiweka yake mezani, akasubiri hofu ije. Haikuja. Kilichokuja ni hesabu. Mtu bila boya, maji yenye mkondo, muda umeshakwenda dakika hamsini. Kama anajua kuelea vizuri atastahimili mpaka saa tano na nusu, labda saa sita.

Akaenda kwa mkubwa wake.

Kamanda Bessah alikuwa ofisini anakula waache, ule wali wa maharage wa kwenye jani, leso kaichomeka shingoni ili asichafue sare nyeupe. Sare nyeupe ilikuwa ya wageni. Saa tano kamili wakuu wa vituo vinne jirani walikuwa waje kuiona picha moja ikifanya kazi. Boti ya doria ilishapigwa rangi na kuvishwa bendera, inawangoja gatini.

"Afande, kuna mtumbwi unazunguka maili tisa kusini. Naomba boti."

Bessah alitafuna mpaka akamaliza.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Mimi mtoto wa Elmina, Odarley. Kwetu hata samaki wanajua Jumanne. Huo mtumbwi umetoka wapi?"

"Lomé wanauona."

"Lomé wanaona hata mashetani. Wewe kwenye kioo chako unaona nini?"

"Sioni kitu. Nimefagia."

Bessah alimweleza basi, kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniudhi mimi mwandishi, kwamba boti ikitoka sasa wageni watakuta gati tupu. Watauliza imekwenda wapi. Akisema imekwenda kutafuta wimbi, watauliza nani alisema ni wimbi, na hapo wakuu wanne watajua kwamba Tema wanafagia picha ya wote, na wamefagia miaka sita. Asubiri kidogo. Wageni watazame, wale, waondoke, na saa saba boti itakwenda kuangalia.

"Saa saba atakuwa amekufa, afande."

"Nani?"

"Shemeji yangu."

Kamanda alimtazama usoni. Alipohojiwa baadaye alisema kwamba laiti angeona chozi moja, angeruka kitini. Mwanamke anasema ndugu anazama, na uso umetulia utadhani anaomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Alidhani ni msiba umempanda kichwani, kakumbuka maji ya mwaka jana. Akamwambia amwachie sajini kioo, akalale.

Mnaona mambo hayo? Mwenye kujua habari hana machozi, na mwenye boti hawezi kuamini habari isiyo na machozi.

Odarley hakwenda kulala. Alirudi kwenye kioo, akamwandikia Ablavi neno moja.

"Ipandishe."

Kupandisha ni kuigeuza nukta iwe nyekundu. Kituo kimoja kikiipandisha, inawaka kwenye vioo vyote, king'ora kinalia kuanzia Abidjan mpaka Lagos, na hakuna anayeweza kuifuta mpaka aliyeipandisha aishushe. Tema wasingeweza kuipandisha ile. Walishasema ni wimbi, na kubadili kauli kulitaka neno la siri la kamanda mwenyewe. Lomé waliweza, lakini kwa makubaliano yao hugusi maji ya jirani kabla jirani hajakuomba kwa maandishi, na maandishi yawe na saini ya mkubwa.

"Dada, hayo ni maji yenu," Ablavi alijibu. "Na bosi wangu yuko hukohuko kwenu, ndiyo kwanza anashuka garini. Unataka nimwashie moto usoni?"

"Ndiyo."

"Nani yumo humo?"

"Ayi. Mdogo wake Tawia."

Hawa wawili hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa maandishi tu, miaka mitatu sasa, na kwa siku nne za mwaka jana Tawia alipotafutwa. Siku ya nne jioni, wenzao wote walipokwisha kuaga, Ablavi aliendelea kuuliza kutoka Lomé kama kuna sehemu haijatazamwa. Odarley alimjibu kwamba zote zimetazamwa.

Alama ya mtu anayeandika ilitokea kwenye simu, ikapotea, ikatokea tena. Dakika nne zikapita namna hiyo. Mwanamke wa Lomé alikuwa anapima kazi yake, na mtoto wake anasoma.

Saa nne na dakika thelathini na nane, pale mahali patupu pa kioo cha Tema, nukta nyekundu iliwaka na king'ora kikaanza kulia.

Simu za mezani zililia zote pamoja. Abidjan walitaka kujua kuna nini. Cotonou waliuliza kama watoe ndege. Lagos hawakuuliza, walisema wanaiona inazunguka na kwa nini Tema wamelala. Mlango ukafunguka, na Kamanda Bessah akaingia na wageni wake wanne, waliowahi kufika, leso ikiwa bado shingoni.

Mkuu wa Lomé, mwanamume mfupi mwenye miwani, aliuliza nani kapandisha.

"Kituo chako," Odarley alimwambia.

"Na Tema hamkuiona kwa nini?"

Bessah alikuwa anaitazama nukta. Ilikata mduara mmoja taratibu, ikaanza mwingine. Ni mtoto wa Elmina, nilishawaambia, na mtoto wa Elmina hahitaji kufundishwa mtumbwi.

Alichukua redio yeye mwenyewe.

"Boti, tokeni. Tokeni sasa hivi. Bendera mtazivua njiani."

Dakika ishirini na tatu chumba kizima kilisimama. Sajini alileta viti, hakuna aliyekaa. Saa tano na dakika tano nahodha wa boti alizungumza, na nyuma ya sauti yake ilisikika injini nyingine ikinguruma.

Wameupata mtumbwi. Injini inafanya kazi, mpini umelala upande wa kushoto, na juu yake limeangukia bonge la samaki wa barafu, linayeyuka. Ndani hamna mtu. Wamezunguka mara mbili, majini pia hamna mtu.

Basi wale wanaojua walijua Ayi alifuata nini. Meli kubwa zinauzia mitumbwi mabonge ya samaki kinyume cha sheria, na siku zinayoipenda ni Jumanne, maana bahari haina macho. Kijana alikwenda peke yake kwa sababu hakupata mwenzake wa kushuka naye siku hiyo. Bonge liliteremshwa vibaya, likampiga, likausukuma mpini, na meli ikajiondokea.

Bessah alivua leso shingoni, akaikunja mara nne. Alimwambia Odarley pole, na mkuu wa Lomé naye akasema pole, kwa Kifaransa. Pole za msiba zilishaanza, jamani, na saa tano na dakika saba tu.

"Bado," alisema Odarley. "Mtumbwi unapeperushwa na upepo. Mtu hapeperushwi, anachukuliwa na mkondo tu. Nataka kujua mduara wa kwanza ulikuwa wapi."

Sajini alitafuta kwenye kumbukumbu za Tema. Hazikuwa na mduara wa kwanza wala wa pili, zilikuwa na bahari safi. Kinachofagiwa Tema hakihifadhiwi.

Odarley hakumlaumu. Alimwandikia Ablavi, na Ablavi, anayehifadhi kila kitu hata kibandiko, akampa mahali penyewe pamoja na dakika. Odarley akapima mkondo wa saa moja na nusu kuelekea mashariki, akamsomea nahodha namba. Zilimpeleka karibu maili mbili kusini magharibi ya mtumbwi, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutazama.

Saa tano na dakika thelathini na moja nahodha alirudi hewani.

"Tumempata. Amekumbatia dumu la njano. Anatapika, lakini ni mzima."

Chumba kililipuka kwa makofi. Mkuu wa Lomé alivua miwani akaifuta, kisha akasema kwa sauti kwamba yule binti wake wa zamu atamwadhibu na kumpa cheo, hajui aanze na lipi. Bessah alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Odarley aliandika muda kwenye daftari. Alijua kwamba hapo ndipo furaha inapotakiwa kuingia, akaiachia nafasi. Haikuingia. Alikuwa amemwokoa mtu, na kifuani mwake hakukutikisika kitu.

Kisha redio ikakwaruza. Nahodha alisema kijana anang'ang'ania kuzungumza na shemeji yake.

"Shem."

"Nakusikia, Ayi."

"Usiwaambie wakubwa."

"Wakubwa wa nchi tano wako hapa, wanakusikiliza."

Ikasikika bahari ikipiga ubavu wa boti. Mtu mmoja chumbani alicheka kidogo.

"Shem, nisamehe. Nilipokuwa mle majini, nauona mtumbwi unanizunguka, nikasema basi, hivi ndivyo kaka alivyokufa. Jumanne kama hii."

"Kaka yako aliondoka Jumatatu," Odarley alisema.

"Mama ndiye aliyesema Jumatatu."

Ayi alikuwa analia sasa, kilio cha mtu mwenye baridi, na maneno yalimtoka bila mpangilio. Tawia alishuka majini Jumanne alfajiri. Aliposhindwa kurudi, mama alikaa na watoto akawaambia waseme Jumatatu alasiri. Mtu wa Jumanne wavuvi wasingemtafuta, wala wasingekuja kumlilia, na yeye mama asingeweza kuuza samaki tena ufukoni. Alitaka mwanawe aliliwe na watu. Walikubaliana kumficha hata mkewe, kwa sababu mkewe ni mtu wa serikali.

"Tulidhani mtampata tu," alisema Ayi. "Siku moja, shem. Tulidhani siku moja haidhuru."

Msomaji, pima mwenyewe. Siku nne boti na ndege zilimtafuta Tawia mahali ambapo mkondo ungemfikisha mtu wa Jumatatu. Walirudia picha ya Jumatatu mara ishirini, na Jumatatu kulikuwa na mitumbwi mia tatu kwenye kioo, nani angemtambua. Jumanne hakuna aliyeomba kuitazama, si Tema wala Lomé. Ya nini, wakati Jumanne hakuna mtu baharini.

Na Jumatatu ile Odarley aliingia zamu saa nane mchana. Wakati ule zamu zao zilikuwa za saa ishirini na nne, za kuanzia mchana. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, mbele ya kioo kile, alikuwepo yeye.

Alirudisha redio mahali pake. Kamanda Bessah alimgusa bega, akamwambia, safari hii kwa sauti nyingine kabisa, aende nyumbani, gari litampeleka. Hakumsikia. Alikuwa anaandika.

"Nitafutie Jumanne tarehe kumi na mbili Machi, mwaka jana. Asubuhi."

Ablavi hakuuliza ya nini. Alikuwa amesikia yote kwenye redio, kama walivyosikia Abidjan na Lagos. Zikapita dakika kumi na moja.

"Dada, uko na mtu hapo?"

"Chumba kimejaa."

"Basi kaa kwanza."

"Lete."

Picha ikaja. Ilianza kukimbia kwenye kioo kikubwa cha ukutani, kwa sababu ndipo sajini alipoiunganisha, na wageni wote waliiona. Saa kumi na mbili na nusu nukta moja ilitoka pwani ya Tema, ikaelekea kusini. Saa moja kasoro dakika nane ikavikwa kibandiko cha kijivu, na kwenye kibandiko yakasomeka maandishi: Wimbi. O.Q.

O.Q. ni herufi za Odarley Quaye. Alizisoma, akajaribu kukikumbuka kidole chake kikigusa. Hakuweza. Aligusa mara mia mbili asubuhi ile, na baada ya hapo, hilo analikumbuka vizuri, alikunywa chai.

Nukta ilifika kwenye meli kubwa, ikasimama. Ikaachana na meli. Saa moja na dakika ishirini na tisa ikaanza kuzunguka.

Alihesabu mizunguko kwa kucha juu ya meza. Kamanda Bessah naye alihesabu, midomo ikicheza, mpaka ikamshinda akageukia ukuta. Siku ile boti ya doria ilikuwa gatini toka asubuhi hadi jioni, ina mafuta na mabaharia wake. Dakika ishirini tu, na wangekuwa wamemfikia. Mtumbwi wa mume wake ulizunguka mbele ya macho yake saa mbili na dakika kumi na moja, na yeye alikuwa hapa hapa, akiona bahari safi.

Odarley aliumia. Nalisema waziwazi kwa sababu uso wake haukusema. Halafu akanyoosha mkono azime kioo.

Simu ikatikisika mezani.

"Usizime," Ablavi aliandika. "Dada, nakuomba, usizime. Angalia saa tatu na dakika arobaini."

Aliuacha mkono hewani.

Saa tatu na dakika arobaini mduara ulikatika. Nukta ilisimama palepale, dakika tatu, nne. Kisha ikaondoka tena, na safari hii haikuzunguka. Ilikwenda mashariki, sambamba na pwani, imenyooka, saa nzima, saa mbili. Ikapita mlango wa mto pale Ada bila kuyumba. Saa kumi alasiri, karibu na Atorkor, ikageukia nchi kavu, ikagusa mchanga, na hapo ikaishia.

Mkuu wa Lomé aliuliza kwa Kifaransa hiyo ina maana gani. Bessah alimwonyesha kwa kidole pale mduara ulipokatika.

Odarley alikuwa amekaa chini, kwa mara ya kwanza tangu saa nne na robo. Kitu chenye maji kilimteremka shavuni, akakifuta, akaangalia vidole vyake vilivyolowa.

"Kuna mtu alishika mpini," alisema.